Jozi ya Tatu

Ni maziwa tu na dawa ya presha,
kilomita thelathini hadi Humboldt na kurudi,
lakini Orysia hafungi buti la gari
kabla hajahesabu.

Kebo za betri. Beleshi fupi, mpini umefungwa utepe.
Mchanga wa kumwaga chini ya tairi linapoteleza.
Blanketi la sufu lenye tundu la sigara ya Ostap,
ambaye hakuvuta tena baada ya Februari ile.
Soksi. Soksi nyingine.
Kopo la kahawa, ndani mna mshumaa na kiberiti:
moto mdogo, husema, unatosha
kumzuia mtu asilale.

Mimi mkwewe, mtu wa ghorofani,
mwaka wa kwanza nilicheka.
"Mama, tunahama?"
Hakujibu. Alinipa tochi niijaribu.
Haikuwaka.
Akiba haiozi, nilijua; betri huoza.
Akaenda akachomoa zile za saa ya ukutani.

Mpaka leo jikoni ni saa nne kasorobo,
na leo naendesha mwenyewe, goti lake limekataa.
Theluji inatambaa juu ya lami kama unga
uliopulizwa mezani.
Maziwa, dawa, na biskuti ambazo hakuniagiza.
Kwenye maegesho nafungua buti,
nahesabu kwa sauti, kama yeye,
watu wanapita wakinitazama:
kebo, beleshi, mchanga,
soksi, soksi nyingine,
na nyingine tena, mpya, za kuunganishwa kwa mkono,
zinaingia kwenye kidole gumba changu.

Sijamwambia mtu.
Hata mwanawe sijamwambia.