Kibaba cha Shekuwe

Kopo la kwanza lilitoka Mombasa kwa basi,
likavuka Mokowe ndani ya kikapu cha vitunguu.
Elfu tatu na mia nane. Siku sita.
Nilikwangua chini yake kwa kijiko
kama anayetafuta pete.

La pili lilimfunga tumbo.
La tatu lilinukia vanila, hata mimi nilililamba,
naye akatapika hadi adhana ya alfajiri,
mguu wake wa kushoto umekakamaa,
ndiyo lugha yake ya kusema sitaki.

Mavyaa akasema: mpe uji, sote tumekua kwa uji.
Nikasaga wimbi, nikachuja kwa leso, nikachuja tena.
Chembe moja ikakataa njia.
Usiku kucha maji vuguvugu, navuta, nasukuma,
namsomea mpira Yasini.

Jirani zangu wa Langoni hawakosi dawa:
tende, tui, maziwa ya ngamia kutoka Witu.
Kila mmoja na kikombe chake mkononi.
Nawaambia, kwake mdomo si mlango,
mlango uko hapa, juu ya kitovu,
mdogo kama kifungo cha kanzu.
Wanatazama, wanarekebisha buibui,
wanasema Mungu mkubwa.
Mkubwa, ndiyo.
Lakini protini gramu ngapi?

Bi Kadzo wa lishe hakusema pole.
Alimpima: miaka sita, kilo kumi na moja.
Akakata kalamu, akapiga hesabu nyuma ya kalenda,
akapiga simu Malindi, wakamkatia, akapiga tena.
Kuna la kopo jeupe, alisema, halina sukari ya maziwa.
Anza na nusu. Usiwe na pupa.
Mimi, niliyekuwa na pupa mwaka mzima!

Leo siku ya tisa. Hajatapika.
Nainua bomba juu ya bega langu
na kuyaacha maziwa yashuke kwa uzito wao.
Haba na haba, wahenga walisema,
hawakujua kibaba changu kina alama
za mililita, kumi, ishirini, sitini.
Naandika kwenye daftari: saa moja usiku, sitini, ametulia.

Chini barazani Bi Mwanajaha anakaanga viazi karai.
Harufu inapanda ngazi.
Shekuwe anageuza shingo, taratibu,
pua mbele, kope zinacheza.
Nafungua dirisha lote.

Hiyo sikuiandika.