Lundo la Tano

Saa saba usiku, ghorofani, Barabara ya Kumi na Nne.
Chini yangu duka la vitenge limefungwa,
feni inasaga hewa ileile,
na mimi, Zawena Semkiwa, mpanga foleni wa mtandao,
nasoma kosa langu.

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi,
zahanati moja upande wa Pangani
ilimtumia daktari wa Bombo picha ya kifua cha mtoto.
Programu yangu ikaiona ikipita mlango wa mia nne arobaini na tatu,
ikaona uzito wake, ikasema: sinema.
Na sinema mchana, kwa amri niliyoiandika mwenyewe,
husukumwa nyuma.
Picha ilifika dakika thelathini na nane baadaye.
Mtoto yu hai.
Muuguzi, Bi Mwanamvua, hakunigombeza.
Aliuliza tu:
"Hiyo mashine yenu, ilidhani tunacheza?"

Zamani kazi ilikuwa nyepesi.
Kila itifaki na mlango wake:
barua ishirini na tano, kurasa themanini,
wauliza majina hamsini na tatu.
Ukijua mlango, umemjua mgeni.
Siku hizi wote hupita mlango mmoja, wote wamejifunika,
benki, umbea, mahubiri, mpira, kifua cha mtoto,
nami bado nimekaa kizingitini
nahesabu viatu.

Jana nilishuka kununua mihogo.
Wanawake watano walikuwa wanatoka msibani,
buibui na nikabu, macho tu.
Sikusita: "Shikamoo, mama mdogo Rukia!"
Akacheka ndani ya kitambaa. "Umenijuaje?"
Kwa mguu wa kushoto, unaoburuta nusu pumzi.
Kwa kusimama kila penye duka:
hatua tatu, kituo; hatua tatu, kituo.
Sikumfunua. Sikuhitaji.

Mihogo niliisahau kwa muuzaji.

Nikaacha kuuliza mlango, nikauliza mwendo.
Pakiti ya kwanza ina kimo gani?
Ya pili imekawia kiasi gani?
Nani msemaji zaidi, huyu au yule?
Sinema humiminika kushuka, hujaza, hupumzika, hujaza.
Simu ni vijipande vinavyopokezana
kama wawili wanaotwanga kinu kimoja.
Picha ya kifua hupanda, mara moja, nzito,
kisha kimya,
kimya cha mtu anayesubiri jibu.
Bahasha naipima uzito; barua si yangu.

Nikaipa mifano elfu sita. Ikapata tisini na nne kwa mia.
Msimamizi wangu, Mhina, akapiga meza: "Yatosha, ipandishe!"
Lakini zile sita.
Zile sita hazikukosewa kwa kusitasita.
Zilikosewa kwa sauti ya mwenye hakika.

Mama alichambua katani kule Ngomeni miaka kumi na tisa.
Madaraja manne, malundo manne,
shungi la nyuzi likipita kiganjani bila yeye kutazama.
Na kando ya goti lake lundo la tano, dogo,
lisilokuwamo katika daftari la mnyapara.
"Hili la nini, mama?"
"Hili mkono wangu haujaamua."

Saa tisa. Naongeza amri moja:
kama huna hakika, sema hujui,
na usiyemjua usimsukume nyuma.
Mpitishe, kisha nijulishe.

Naijaribu kwa picha ileile ya Jumanne.
Inasoma hatua ya kwanza, ya pili, ya tano.
Kioo kinaandika: SIJUI BADO.
Na picha inapita.
Sekunde kumi na moja.

Asubuhi Mhina ataona asilimia imeshuka,
atauliza imekuwaje, baada ya usiku mzima.
Sijui bado nitamjibu nini.