Alama ya Kuuliza

Ipagala, saa nne usiku. Upepo wa Agosti
unasukuma mchanga chini ya mlango,
na ruta juu ya kabati la vyombo
inakonyeza taa zake za kijani
kama mtu mwenye siri na hamu ya kuitoa.

Kompyuta ya baba iliungua wiki moja baada ya msiba,
siku umeme uliporudi kwa hasira.
Diski ikapona. Nimeihamishia mashine mpya ya sebuleni,
nikavuta waya hadi chumbani, kwenye laptopu yangu.
Nikaiita sebule kwa namba. Ikaitika.
Nikaiita tena. Ikaitika.
Kwa hiyo si waya. Fundi Hezroni aliyesema ni waya
amekula elfu kumi na tano yangu bure.

Folda naiona: PICHA ZA NYUMBANI.
Nabisha hodi.
Huna ruhusa.

Nabadili neno la siri. Huna ruhusa.
Nazima ulinzi, nawasha ulinzi,
nazima kila kitu, nahesabu hadi thelathini, nawasha,
kama tufanyavyo wote tukijitia kujua.
Huna ruhusa.

Mama anamenya karanga juu ya kitanda changu.
"Kwani haijui wewe ni mwanawe?"
Haijui, mama. Haina habari za damu.
Ina mwenye mali, ina kundi, ina wengine.
Mimi ni wengine.

Nafungua orodha ya umiliki nilione jina lake, nehemia,
kwa herufi ndogo, alivyolisajili mwenyewe.
Halipo. Mashine mpya haijawahi kumwona.
Imeandika: mwenye mali, 1003.

Basi. Baba amekuwa namba.

Amri ya kujimilikisha ni mstari mmoja tu.
Naiandika, kidole kinagoma juu ya kitufe.
Shamba la zabibu la Hombolo halijagawanywa,
baiskeli yake imeegemea ukuta pale pale,
nami nianze na picha?
"Mama, naomba ruhusa."
Anacheka. "Ya nini tena? Chukua."
Halafu hacheki. "Chukua, mwanangu."

Nabonyeza.
Folda inafunguka kana kwamba haikuwahi kufungwa.

Nakili. Bandika. Asilimia kumi, hamsini,
LUKU inalia, tunaongeza ya elfu mbili,
tisini na saba, inakwama.
Faili arobaini na moja zimekataa.
Safari hii si ruhusa, ni majina:
laptopu yangu haipokei jina lenye alama ya kuuliza,
na baba, picha zilizomsumbua, aliziita hivyo.
Huyu nani?
Mwenye kofia, Kongwa, mwaka gani?
Mtoto wa nani huyu?
Nyingine za babu, zilizokaa kwenye kopo la maziwa,
nyingine zake. Alizipiga skani moja moja,
akatuuliza sisi, ndani ya majina ya faili,
miaka sita, na hakuna aliyefungua.

Nageuza kioo upande wa mama. Anavaa miwani.
"Huyo Damari, binamu yake, alifia Mpwapwa."
Nafuta alama, naandika Damari. Inapita.
"Mwenye kofia si wa kwetu. Alikuwa karani wa reli,
alikuja kula tu."
Karani wa reli. Inapita.
"Mtoto huyo ni wewe, hujioni?"
Inapita.

Hadi saa saba maganda yamejaa kwenye shuka,
na zimepita thelathini na nane.
Mbili hazijui. Naandika Hajulikani, nazo zinapita.
Imebaki moja: msichana kando ya birika la ng'ombe,
gauni la maua, mkono kiunoni,
anamtazama mpiga picha kama anayemdai.
Kwa huyu baba hakuuliza ni nani.
Aliandika: Yuko wapi sasa?

Mama anaiangalia kuliko zote.
Anavua miwani, anakusanya maganda kiganjani.
"Huyo," anasema, "mwache huko huko."