Ngeli ya Jino

Chadron, Nebraska, mwezi wa pili. Upepo
unagonga madirisha kama mdai.
Droo ya kumi na saba: pamba, kikopo cha vidonge,
na ndani yake gego moja,
dogo kuliko punje ya mtama.

Ndilo pekee. Hakuna taya, hakuna mkia
wa kusimama shahidi.

Dakta Lindqvist anasema ni wa ukoo wa kindi,
tazameni vilima vinne, tazameni bonde lilivyopinda.
Bi Pruett, aliyelikuta kwenye chekeche mwaka wa mafuriko,
anakohoa kwanza. Kindi gani huyo mchimbaji?
Huyo ni jamaa wa fuko. Binamu, au mkwe.
Wameandikiana barua miaka kumi na tisa,
na milango yao inatazamana.

Kazi yangu ni kujaza kadi.
Oda: wagugunaji. Hapo hawagombani.
Familia: nikaweka alama ya kuuliza, kwa penseli,
maana penseli haina kiburi.
Asili.
Hapo mkono ukasita.
Kuna wanaosema wazee wake walivuka kutoka Asia
kaskazini kulipokuwa nchi kavu,
kizazi kikisogea hatua chache, kingine chache,
wala hakuna aliyejua kwamba anahama.
Kuna wanaosema alitokea hapahapa, chini ya majivu ya volkano.
Swali hilo nalijua. Huulizwa dukani nikilipia mayai,
nami hutaja mtaa ninaokaa.

Usiku, taa moja ya hadubini,
nikajaribu sarufi ya kwetu.
Kisukuku kimelala. Sawa, kama kiti, kama kijiko.
Jino limelala. Sawa, kama jiwe.
Kisha nikaacha jina kabisa, nikanong'ona tu:
Amelala.

Na ile *a* moja mbele ya kitenzi
ikampa mbavu, ikampa njaa,
hofu ya bundi, shimo lenye milango miwili
na nyasi kavu mdomoni.
Haikumwuliza ukoo.

Najua, hajavuta pumzi miaka milioni ishirini.
Mwalimu wangu angepiga mstari mwekundu.

Asubuhi wote wawili walikuwa wameinamia kadi,
vichwa vimegusana kwa mara ya kwanza.
Penye Asili nilikuwa nimeandika: *Alikuwa hapa.*
Wakaniuliza maana yake.
Nikawaambia: bado haijulikani.