Yasiyoingia kwenye Kumbukumbu

Kiti cha mkuu wa chuo kina magurudumu.
Tangu astaafu hakuna aliyekikalia;
twakibebea karatasi za mtihani
kutoka stoo hadi ukumbini,
kikilia njia nzima kama paka wa sokoni.

Mimi ndimi karani. Huandika "ilikubaliwa".
Siandiki ilikubaliwa vipi:
Dakta Mwaringa akigonga meza kwa miwani,
Bi Zulekha Shee akihesabu shilingi za tangi la maji
kwa vifundo vya vidole,
na Sidi, wa wanafunzi, mwaka wa pili,
aliyekuja na daftari na woga
akaondoka na daftari.

Wiki tatu tulibishana: ua au tangi?
Mbuzi wa Barani huingia hadi maktaba;
maabara nayo haina tone.
Zamani ingekuwa saini moja, na chai.
Sasa ni funguo tatu, na wa nne wangu, wa akiba,
na joto la Machi hapa Malindi,
feni ikizunguka polepole
kama inayotafuta kitu ilichodondosha.
Sikuandika kwamba Bi Zulekha,
ambaye idara yake ndiyo iliyotaka ua,
aliinua mkono upande wa tangi,
akautazama kana kwamba ni mkono wa jirani.

Kisha yakaja ya Alhamisi.
Alama za wanafunzi arobaini na mmoja hazionekani.
Si wizi, si hila:
kila mmoja wetu alidhani ziko kwa mwenzake.
Ile methali ya kidole na chawa
hakuna aliyethubutu kuitaja.
Vidole vilikuwapo, tele,
na chawa yu hai, anatembea mezani.

"Ofisi inasikitika," nikaandika, nilivyozoea.
Sidi akasoma, akauliza kwa upole:
"Ofisi ni nani?"

Nje tuktuk ikapita. Ikapita nyingine.
Mwaringa akalikata lile neno, juu yake akaandika *Sisi*.
Akatia saini. Bi Zulekha akatia,
herufi zake zimelala kama zilizochoka.
Sidi naye, ingawa alama zake
ni miongoni mwa zilizopotea.

Halafu karatasi ikasukumwa hadi kwangu,
mimi ambaye miaka kumi na tisa
nimesaini daftari la mahudhurio tu.
Kalamu ilikuwa na joto la mikono yao.
Nikaandika jina langu, na la baba, na la babu,
mpaka mstari ukaniishia.

Kesho mtihani. Kiti kinalia koridoni.
Kinasukumwa.
Na nani, sitaandika.