Kanyaga, Shikilia

Baba katuachia Volvo ya sitini na saba,
rangi ya maziwa yaliyolala,
na gereji ya mbao yenye mlango unaokwama
hapa Kalix, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi
majira yote ya theluji,
na chumvi haisahau chuma.

Nimelala chali juu ya kadibodi.
Bomba la breki, nikilipangusa kwa kidole,
linatoa maganda ya kahawia, mepesi,
na chini ya maganda hakuna bomba,
kuna mazoea tu ya bomba.
Kwenye kona moja baba alizungushia utepe,
akaandika kwa kalamu ya risasi: *Badili masika.*
Hakuandika masika ya mwaka gani.

Nilianza na petroli. Nilikamua tangi,
madebe mawili ya kitu chenye harufu ya vanishi.
Mpira wa kwenda kwenye pampu ulimeguka mkononi
kama biskuti iliyochovywa kwenye kahawa.
Nikanunua mpya, na vibano vyake,
na shaba ya breki, duara zima la shaba,
ikang'aa mezani kana kwamba imealikwa.

Nati ya nyuma iligoma.
Niliipaka oili, nikangoja, nikaitukana
kwa Kifini cha mama, lugha iliyoumbwa kwa ajili ya nati.
Spana ikateleza, ngozi ya konzi ikabaki kwenye fremu.
Ndipo ikalia, tii, ikaachia.

Kukunja bomba ni kazi ya dole gumba.
Ukiharakisha linabonyea, na likishabonyea
huliombi radhi likanyooka.
Nikalipanua mdomo kwa kifaa cha kuazima,
mdomo mzuri, wa mviringo, wa kujivunia,
halafu nikaiona nati mezani, haikuvishwa.
Kata. Anza upya.
Nilifanya kosa hilo mara mbili.

Lakini kutoa hewa hakufanywi na mtu mmoja.
Nilijaribu. Nilikandamiza pedali kwa ubao,
kwa tofali, kwa sanduku la vifaa.
Jumamosi nikampigia Majlis.
Miaka kumi na moja.
Hakuuliza ni nani. Aliuliza saa ngapi.

Alikuja na viatu vyake vya hospitali,
akaketi kiti cha baba bila kukisogeza.
Miguu ni ileile mirefu.

Gurudumu la mbali ndilo la kwanza: nyuma, kulia.
"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Shikilia."
"Nimeshikilia."
Nalegeza kidogo, robo mzunguko,
mrija unatema povu ndani ya chupa ya jamu,
nakaza. "Achia."
"Nimeachia."

Sikumuuliza kuhusu nyumba.
Hakuniuliza nilikuwa wapi
mwaka ule baba aliposahau jina la kijiko.
Kanyaga. Shikilia.

Gari hili lilinunuliwa Septemba, wiki ileile
Uswidi nzima ilipohama kushoto kwenda kulia.
Saa kumi na moja kasoro alfajiri
malori, baiskeli, gari la maziwa, wote walisimama,
wakavuka polepole upande wa pili,
wakangoja, wakaendelea.
Baba hakuchoka kusimulia: *Dakika kumi! Taifa zima!*
na sisi wawili, nyuma, tukigombea dirisha.

Nilihesabu viputo.
Vingi. Sita. Viwili.
Kimoja, kikubwa, kilichochelewa.
Kisha mafuta matupu, rangi ya chai ya mgonjwa.

"Imekuwa ngumu," alisema juu yangu.
Pedali, nadhani.
Nilikwisha kukaza, lakini sikumwambia achia.
Nilibaki palepale, mkono kwenye spana,
theluji ya bampa ikiyeyuka, ikinidondokea sikioni,
na mguu wake ukaendelea kukanyaga,
na bomba jipya, kutoka kwake hadi kwangu,
halikuvuja hata tone.

Mpaka akagonga dari kwa pete.
"Stellan. Umelala?
Yamebaki matatu."