Mwenye Nyumba wa Kapernaumu

Walipotoboa paa wale wanne
wamshushe mwenzao aliyepooza miguuni pa Yesu,
hakuna aliyeandika nani alilipa.
Padri amesoma, tumeketi, tumejibu tunavyojibu,
na mimi, benchi la tatu, parokiani Kadutu,
nahesabu mabati.

Mnisamehe. Ni kazi ya mikono.
Marehemu aliniachia nyundo, ngazi,
na wateja wanaolipa kidogo kidogo.
Huku kwetu mlimani paa la mtu liko usawa wa mlango wa jirani;
ukimwaga kule juu maji ya kuoshea sombe
yanambishia hodi mwenzio chini.

Mwezi wa nne ukuta wa Zihalirwa ulinishukia.
Mvua ilipiga usiku kucha, hata mbwa walinyamaza,
mara kishindo, udongo, matofali,
na nyota moja juu yangu. Hapana, nadanganya, hapakuwa na nyota.
Palikuwa na tope ndani ya sufuria ya maharage
na Nsimire, mwanangu, amesimama kitandani
amekumbatia madaftari ya shule kana kwamba ni kuku.
Hakufa mtu. Shirika zima likaja kusema: muujiza.
Nikaitika, muujiza,
huku natafuta kiatu.

Na nilikuwa nimemwambia tangu kiangazi:
Zihalirwa, ukuta wako umefanya tumbo.
Akacheka. Ukijifungua, Mama, nitakuita.
Hakuita.
Miezi mitano tukapishana kwenye ngazi za udongo
kama watu waliobeba vioo.

Usiku umeme ukikatika
nasoma tena mahali pale kwa tochi ya simu.
Bwana anamtazama mgonjwa,
na kabla ya kugusa habari ya miguu
anaanza na dhambi. Wasomi wananung'unika.
Naye anawauliza kati ya mawili lipi ni jepesi.
Nimepita hapo labda mara ishirini
nikidhani wanaulizwa wao.
Lipi jepesi, mwanamke wa Kadutu:
kumwinua aliyelala,
au kumwambia Zihalirwa, yamekwisha?
Ningemwinua aliyelala. Nina ngazi. Nina kamba.
Watu wanne hawakosekani.

Na mwenye nyumba je? Alikuwamo,
udongo unamdondokea ndevuni,
anaona jua mahali ambapo asubuhi palikuwa na dari.
Alipiga kelele? Alikadiria hasara?
Injili inamruka. Wote wakatoka wakimsifu Mungu,
aliyepooza na mkeka wake begani,
yeye akabaki na tundu.
Huenda ndiye niliyemtafuta humo miaka yote:
mtu wa imani ambaye kesho yake alfajiri
anakanyaga udongo na majani makavu.

Jumanne Zihalirwa alimtuma kijana wake
na bati moja, kuukuu, limejaa matundu ya misumari,
na sambaza kwenye mfuko mweusi.
Neno, hakuna. Kijana anatazama vidole vyake vya miguu.
Bati moja! Yangu yaliharibika sita.
Nilitaka kulirudisha likiwa limebeba maneno.
Nikaziba matundu kwa lami,
nikalipigilia juu ya kitanda cha Nsimire.
Sambaza tulizila.

Sijui kama huko ndiko kusamehe.
Alhamisi nilimchukia tena
kuanzia bombani hadi mlangoni kwangu, na ndoo kichwani.

Leo baada ya misa nimepanda kwake na nyundo.
Ukuta mpya anaoujenga
umeanza tumbo.
Nimemwonyesha pa kuweka mawe ya msingi. Hakucheka.
Mvua ikaja kutoka upande wa ziwa,
tukakimbilia wote wawili chini ya paa lake,
tukasimama, hatuna la kusema,
nami, kwa mazoea ya kazi tu,
nikainua macho kutafuta panapovuja.